Taa ya Njano Haimtaji Mwenye Kosa

Juma hili nataka tuzungumze habari ya taa ndogo ya njano, yenye umbo la injini, iwakayo mbele ya dereva. Huenda wewe huna motokaa, nawe wasema moyoni, "Hayo ni ya wenye mali wa Kayanga." Ngoja kwanza. Ukienda gulioni Omurushaka wapanda gari la mtu. Ukimpeleka mgonjwa hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro, wapanda gari la mtu. Na watoto wako pia. Basi maneno haya ni yako vilevile, na mwisho utaona kwa nini.

Nitaanza na jambo lililotupata nyumbani. Dada yangu mdogo ameolewa upande wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Yeye na mumewe waliuza kahawa na maharage miaka minne, wakaweka akiba, wakanunua gari dogo la petroli, lililotumika Japani, wapate kuchukua abiria. Mwaka jana, siku za mavuno ya kahawa, ile taa ya njano ikawaka. Tena gari likaanza kula mafuta. Petroli iliyotosha safari mbili za Omurushaka sasa haikufikisha hata moja na nusu.

Shemeji akalipeleka kwa fundi. Fundi akachomeka kifaa chake cha kusomea, akaona maandishi: P0171. Akasema, "Sensa ya oksijeni imekufa. Lete fedha." Ikanunuliwa sensa iliyotumika, ikafungwa, taa ikafutwa. Siku tatu tu, taa ikarudi. Fundi akasema sensa ile ilikuwa mbovu, inunuliwe nyingine. Ikanunuliwa. Taa ikarudi tena. Fedha iliyokwenda ilikuwa ya magunia ya kahawa ya maganda, na dada yangu alikuwa ameitenga kwa ada ya shule.

Nilipofika kuwasalimu, dada aliniambia kwa uchungu, "Kaka, gari hili limekuwa mtoto wa pili wa kulisha." Lakini neno lililonishtua halikutoka kwake. Lilitoka kwa binti yao wa miaka tisa. Alisema, "Mjomba, kila tukipanda gari la baba kichwa kinaniuma, na jana nilitapika. Nikitembea kwa miguu siumwi." Wazazi walidhani ni mambo ya kona na milima. Mimi nilisimama pale pale, nikamwomba shemeji asiwashe gari lile tena mpaka tulichunguze.

Ili mfahamu kwa nini nilishtuka, yafaa tujue kwanza sensa hii ni kitu gani.

Zamani Land Rover na malori yaliyopanda milima ya Karagwe yalikuwa na kabureta. Fundi alisikiliza injini kwa sikio, akageuza skrubu, mchanganyiko wa hewa na petroli ukawa sawa kadiri ya sikio lake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo ndani ya gari. Mafundi wetu huiita kontroboksi. Kila mama aliyepika kwa kuni ajua jambo hili: kuni nyingi na hewa haba, moshi na masizi hujaa jikoni, hewa ikitosha, moto huwaka safi. Injini ya petroli ni hivyo hivyo. Kilo moja ya petroli yataka kilo 14.7 za hewa ipate kuungua vema.

Kompyuta itajuaje kwamba kipimo ni sawa? Hapo ndipo sensa ya oksijeni inapoingia. Ni kitu kidogo chenye umbo kama plagi, kimefungwa kwa nati katika bomba la moshi, na ncha yake imo ndani ya moshi. Hulinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na oksijeni ya hewa ya nje, kisha hutoa umeme mdogo sana. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, umeme hushuka karibu na volti 0.1, maana yake petroli ni haba. Oksijeni ikikosekana, umeme hupanda karibu na volti 0.9, maana yake petroli imezidi. Kompyuta husikia habari hiyo, ikaongeza mafuta au ikapunguza, kama mama aonjaye mchuzi na kutia chumvi kidogo kidogo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyotengeneza sensa hii, na gari la kwanza kuiweka lilikuwa Volvo, mwaka 1976, kwa sababu ya sheria kali za moshi huko Marekani.

Magari mengi yana mbili. Ya kwanza iko mbele, karibu na injini, ndiyo mwonjaji. Ya pili iko nyuma ya kile kisafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega, kwa kuwa ndani kina vitundu kama vya nyuki. Hiyo ya nyuma huangalia kama masega yanafanya kazi.

Sasa, wasomaji, shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu ya leo: sensa ni shahidi. Taa ikiwaka, kompyuta haisemi ni nani mwenye kosa. Yasema tu kwamba shahidi ameleta habari ya ajabu. Katika baraza la wazee, shahidi akisema, "Nimeona ng'ombe shambani," hatumpigi shahidi. Twaenda kumtafuta ng'ombe. Lakini mafundi wengi huona jina la sensa, wakamfukuza shahidi na kuleta mwingine, naye akasema maneno yale yale.

Ile P0171 ya shemeji haisemi "sensa imekufa." Yasema, "Mchanganyiko umeonekana una petroli haba." Nami nilijiuliza: gari linalalamika kwamba mafuta ni haba, na huku linakula mafuta kupita kiasi. Mambo haya mawili yawezaje kukaa pamoja? Yawezekana kama shahidi amedanganywa. Na mara nyingi kinachomdanganya ni tundu katika bomba la moshi, mbele ya sensa.

Tulingoja asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Shemeji akaliwasha gari nje, mahali pa wazi, mimi nikafungua boneti na kutega sikio. Nikasikia sauti, "ti-ti-ti-ti," ikaanza kupungua chuma kilipopata moto. Tukazima. Tukamulika kwa tochi pale bomba linapoungana na injini, tukaona gasketi imeungua na alama nyeusi ya masizi imejipaka pembeni. Huyo ndiye mwenye kosa. Sensa zote tatu, na ile ya kwanza iliyotupwa, hazikuwa na hatia.

Tazameni jinsi ubaya ulivyofuatana. Moshi hutoka kwa mapigo, kama moyo. Kati ya pigo na pigo, hewa ya nje ilivutwa ndani kupitia ufa ule. Sensa ikaonja hewa hiyo, ikasema, "Oksijeni ni nyingi, petroli haba." Kompyuta ikaamini, ikaongeza petroli. Kweli petroli haikuwa haba, basi sasa ikazidi. Na petroli ikizidi, moshi hubeba gesi mbaya iitwayo kaboni monoksidi, tena nyingi. Gesi hiyo ikatoka kwa ufa ule ule kabla ya kufika kwenye masega ya kusafishia, ikaingia ndani ya gari kwa matundu ya kupitishia hewa na sakafu iliyoliwa na kutu. Haina rangi, haina harufu. Huzuia damu isichukue oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kutapika, kusinzia. Na ikizidi, hulala asiamke. Ndicho kilichokuwa kinamtafuta yule mtoto, huku wakubwa wakinunua sensa.

Gasketi mpya na kazi ya kuifunga vilikuwa fedha ndogo, hata robo ya zile sensa haikufika. Tukaziba na matundu ya sakafuni. Taa ilifutwa, haikurudi. Mafuta yakarudi kipimo chake. Binti alipandishwa gari Jumapili iliyofuata, madirisha wazi, akafika kanisani akiwa mzima. Alisema, "Leo hakiumi." Tangu siku hiyo hajaumwa.

Basi kwa wewe mwenye gari, au kijana wako anayejifunza ufundi, fuata utaratibu huu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, fundi akisoma namba, iandikwe kwenye karatasi kabla haijafutwa. Namba hutofautiana. P0135 na P0141 husema juu ya hita ya sensa, yaani waya wa kuipasha moto. Ya kwanza ni ya sensa ya mbele, ya pili ni ya nyuma. P0171 ni petroli kuonekana haba, na P0172 ni petroli kuonekana imezidi; hizi mbili hazisemi sensa imekufa. P0420 ni kwamba masega hayasafishi vema. Na jihadhari: vifaa vingine vya bei ndogo havisomi barabara magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Taa ikiwaka na kuzimika mfululizo, petroli inapita bila kuungua. Punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama, usilazimishe mlima.

Pili, tazama vitu visivyo na gharama. Vumbi la njia zetu za changarawe hujaza chujio la hewa upesi, lifungue ulione. Kunja kwa mkono lile bomba la mpira litokalo kwenye chujio kwenda kwenye injini. Mara nyingi lina mpasuko usioonekana mpaka likunjwe, na mpasuko huo peke yake huleta P0171. Fuata waya wa sensa: je, umegusa bomba la moto ukayeyuka? Je, panya ameutafuna? Je, tope la masika limeingia penye kiungo chake? Angalia fyuzi pia.

Tatu, tafuta tundu la moshi, asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa nje. Kamwe usifanye kazi hii ndani ya banda. Sikiliza sauti ya "ti-ti-ti", angalia masizi meusi penye maungio. Usiguse bomba kwa mkono. Hupata moto upesi sana.

Nne, ikiwa namba ni ya hita, pima kwa mita ya umeme. Sensa nyingi zina waya nne. Mbili zenye rangi moja ndizo za hita. Chomoa kiungo, weka mita kwenye waya hizo mbili upande wa sensa. Sensa hizo zikiwa nzima huonyesha omu chache, pengine kumi na kitu. Mita isipoonyesha njia kabisa, hita imekatika, na hapo kweli sensa yataka kubadilishwa. Lakini pima pia upande wa gari, ufunguo ukiwa umefunguliwa, kama umeme wa volti 12 unafika. Usipofika, sensa mpya haitasaidia neno. Hita ni ya lazima, maana sensa haifanyi kazi mpaka ifike joto la digrii 300 hivi.

Tano, injini ikiwa imepata moto vema, mwambie fundi akuonyeshe volti za sensa kwenye kifaa chake. Ya mbele iliyo nzima hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya 0.1 na 0.9. Ya nyuma hutulia, kwa kawaida penye 0.6 au 0.7, kama masega ni mazima. Ya mbele ikiganda mahali pamoja, akanyage mafuta kwa ghafla: ikiruka juu, ingali hai, na kosa liko kwingine. Isiposogea kabisa, na waya ni nzima, basi hiyo imekufa. Ila magari mengi ya Toyota ya miaka hii yana sensa ya mbele ya aina nyingine, ambayo haipandi na kushuka namna hiyo. Fundi asiyejua tofauti hii ataihukumu bure.

Ikithibitika kwamba sensa imekufa, nunua ileile, yenye namba ya gari lako. Sensa nzuri yaweza kudumu kilomita 160,000 hivi. Basi iliyotolewa katika gari kuukuu ni bahati nasibu, waweza kununua uzee wa mwenzako. Kuitoa, injini iwe vuguvugu, si ya moto, wala si baridi kabisa, maana nati hushikamana. Wengi hutumia spana namba 22 yenye mfereji wa kupitisha waya. Ile mpya usiiangushe, usiioshe kwa petroli, usiipake grisi kwenye ncha. Wala fundi asizibe injini ovyo kwa gundi ya silikoni. Mvuke wake huiharibu sensa. Injini inayokula oili huiharibu vilevile, basi ukibadilisha sensa bila kuponya injini, utarudi dukani upesi. Petroli ya zamani iliyotiwa madini ya risasi nayo iliziua sensa; nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa mwaka 2006.

Neno moja juu ya masega. Wako mafundi watakaokuambia, "Yatoe, gari litapata nguvu." Fahamu kwamba ndani yake mna madini ya thamani, platinamu na mengine, na wako wanunuzi wake. Usikubali yatolewe bila kujua sababu. Na ikiwa kweli yameziba na hapana budi kutolewa, hayo ya zamani ni mali yako. Udai urudishiwe. Tena ukumbuke, pasipo masega moshi wote hutoka bila kusafishwa, na watakaouvuta ni watoto wanaotembea kando ya njia kwenda shule.

Sasa nageuka kwako wewe usiye na gari. Ukipanda gari, nawe ukaona kichwa kinakuuma, na jirani yako naye anasinzia au mtoto anatapika, usiseme tu ni kona za mlimani. Fungua madirisha yote. Mwambie dereva kwa adabu lakini pasipo haya, "Waitu, tafadhali simama kwanza, hewa ya humu si nzuri." Shukeni, mpumzike penye upepo. Aliyelegea apelekwe zahanati upesi, na mganga aambiwe kwamba alikuwa ndani ya gari, maana pasipo neno hilo aweza kudhani ni malaria. Usilale ndani ya gari linalonguruma, hata kama mvua inanyesha. Na gesi hii hii hutoka katika jiko la mkaa. Mkaa ukiwekwa ndani kupasha chumba joto usiku, mlango na dirisha vimefungwa, nyumba nzima yaweza isiamke.

Kwa mafundi wetu, na wako wengi wenye bidii na mikono mizuri, kutoka Kayanga hata Murongo, nasema hivi kwa heshima: kile kifaa cha kusomea ni msaada, si mwalimu. Hakina sikio la kusikia "ti-ti-ti", wala hakina jicho la kuona masizi. Mteja akikuletea fedha ya kahawa, amekuletea jasho la mwaka mzima. Mwonyeshe kosa kwa macho yake kabla ya kumwuzia kitu.

Nawe mwenye gari, jifunze kuuliza swali moja tu: "Fundi, umejuaje?" Fundi mwema hatakasirika. Atakuchukua mpaka penye gari, akuonyeshe. Asiyeweza kukuonyesha, bado hajajua, na fedha yako ikae mfukoni kwanza.

Dada yangu alilipa ada kwa kuchelewa, baada ya kuuza mbuzi. Alipokuwa akinisindikiza, hakulalamika habari ya mbuzi. Alisema, "Kaka, yule mtoto alituambia tangu mwanzo. Sisi tulikuwa tunaisikiliza taa." Neno hilo nimerudi nalo nyumbani, nami nawaachia ninyi. Kwaherini hata juma lijalo.